Amplifaya kabatini, rimoti mkononi: mwongozo kamili wa kufikisha infraredi kwenye vyombo vilivyofichwa

Mlango wa kabati langu la muziki ulikuwa na ufa wa vidole viwili, na ufa ule niliuacha kwa makusudi. Ndani kulikuwa na amplifaya, pleya ya CD na redio. Nje nilikuwa mimi kwenye kochi, nimenyoosha mkono nikiulenga ufa kwa rimoti. Nikifunga mlango, chumba kinapendeza lakini sauti haipandi wala haishuki. Nikiufungua, nimeficha nini sasa?

Kuuondoa ufa ule kulinichukua jioni mbili: moja ya kukosea, moja ya kurekebisha. Mwongozo huu unakusudia kukupunguzia ile ya kwanza. Nikuambie mapema kwamba kusafirisha amri ya rimoti kutoka kochini hadi kabatini ndiyo sehemu nyepesi, waya unaifanya bila jasho. Kinachowasumbua watu ni ncha mbili za waya huo: jicho (kipokezi cha nje) linapotazama, na kitaa (LED ndogo ya kuelekezea chombo) kinapobandikwa.

Rimoti inatoa nini hasa

Mbele ya rimoti kuna LED ndogo inayotoa mwanga tusiouona, uitwao infraredi. Rimoti nyingi hutumia mwanga wa nanomita 940 hivi, wakati macho yetu huishia karibu na 700. Washa kamera ya simu, ielekezee ncha ya rimoti, bofya kitufe chochote: utaona kitone cheupe chenye uzambarau kikimetameta. Kama kamera ya nyuma haioneshi kitu, jaribu ya mbele, maana kamera nyingi za nyuma zina kichujio kinachozuia mwanga huo. Kipimo hiki utakitumia mara nyingi katika kazi hii, kwa hiyo kijaribu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Mwanga huo hauwaki na kuzima kama tochi. Humeta mara 38,000 hivi kwa sekunde, na mmeto huo hukatwa mafungu mafungu, mengine mafupi mengine marefu. Mpangilio wa mafungu na vimya vilivyo katikati ndio amri yenyewe. Katika mfumo wa NEC, ambao umeenea sana, amri huanza na fungu la milisekunde 9, kinafuata kimya cha milisekunde 4.5, kisha biti 32. RC-5 ya Philips humeta kwa kilohezi 36, Sony kwa 40, na Bang & Olufsen walijitenga kabisa wakaenda kwenye 455. Vifaa vya kawaida vya kupokeza infraredi, yaani vya kuipokea nje na kuitoa tena kabatini, vimetengenezwa kwa jirani ya 38, hivyo 36 na 40 hupita vizuri tu, ila 455 haipiti. Ukiwa na mtambo wa Bang & Olufsen wa rimoti ya aina hiyo, tafuta kipokezi kilichoandikwa waziwazi kwamba kinaikubali kasi hiyo.

Mmeto huo upo kwa sababu chumba kimejaa infraredi nyingine: ya jua, ya balbu za zamani, ya taa za mirija. Jicho la amplifaya limeundwa kupuuza kila kisichometa kwa kasi yake. Kisanduku cha kupokeza, basi, hakihitaji kuelewa amri hata moja. Kinaona mafungu upande huu, kinayatoa upande ule, kama mtu aliyetumwa ujumbe kwa lugha asiyoijua akaukariri neno kwa neno. Ndiyo maana kisanduku kimoja kinahudumia vyombo vya makampuni matano bila kupangwa chochote.

Kabla hujanunua waya

Geuza kila chombo utazame mgongo wake. Amplifaya na pleya nyingi za hi-fi zina tundu dogo la milimita 3.5 lililoandikwa IR IN au REMOTE IN. Hiyo ni njia ya waya inayolipita jicho la mbele, na ni safi kuliko kubandika chochote kwenye kioo. Hadhari moja: watengenezaji hawakukubaliana kuhusu kinachopaswa kuingia humo. Wengine wanataka ishara pamoja na mmeto wake wa 38,000, wengine wanataka mafungu matupu, na volti pia hutofautiana. Soma kitabu cha chombo chenyewe kabla ya kuchomeka. Kama kitabu hakisemi, achana na tundu hilo ubandike kitaa, hutapoteza kitu.

Kama shida yako ni sauti ya televisheni tu, na amplifaya ina HDMI yenye ARC (inayoleta sauti ya televisheni kwenye amplifaya), huenda huhitaji infraredi kabisa. Washa CEC (njia ya vyombo kuamrishana kupitia HDMI) kwenye menyu za vyombo vyote viwili, na rimoti ya televisheni itapandisha na kushusha sauti ya amplifaya kupitia kebo ile ile ya HDMI. CEC ina vituko vyake, mara iwashe chombo ambacho hukukiita, lakini kuijaribu ni dakika tano.

Jaribu na mlango. Mbao na bati havipitishi infraredi, ila kitambaa chepesi cha spika hupitisha vizuri, na plastiki nyeusi inayong'aa mara nyingi hupitisha hata kama wewe huoni kitu upande wa pili. Si lazima ukisie. Weka kipande cha kitambaa au plastiki hiyo mbele ya rimoti na utazame kwa kamera, kisha piga rimoti kuelekea chombo ukiwa umbali ule ule unaokaa kila siku. Watu kadhaa wametoa ubao wa katikati ya mlango wakaweka kitambaa cha spika, na kazi ikaishia hapo. Kabati nalo linapumua, jambo nitakalolirudia.

Vipo pia visanduku vya Wi-Fi vinavyojifunza amri za rimoti na kuzirusha ukiagiza kwa simu. Kwa kuwasha na kuzima, sawa. Kwa sauti, mimi sivipendi: unabofya, simu inafikiri, mtandao unafikiri, na wakati sauti inapanda umeshabofya mara tatu zaidi. Vile vinavyogeuza infraredi kuwa mawimbi ya redio ni vyepesi kidogo kuitika na vinafaa pale waya hauwezi kupita kabisa. Kama waya unaweza kupita, pitisha waya.

Vipande vitatu na waya

Seti ya kawaida ina jicho, kisanduku na vitaa. Jicho ni kipokezi kinachokaa nje kikiiona rimoti. Kisanduku hupokea umeme kutoka kwenye adapta ndogo, aghalabu volti 5 au 12, na kukuza ishara. Vitaa (vya kuwaka, si vile vya mtaani) ni LED ndogo ndogo zenye gundi, kila kimoja kikibandikwa juu ya jicho la chombo kimoja. Badala ya vitaa unaweza kupata taa moja kubwa inayomwaga infraredi ndani ya kabati zima. Hiyo nitaieleza mbele.

Pini zote ni za milimita 3.5, zinafanana na za hedifoni, na hapo ndipo mtego ulipo. Pini ya kitaa ina sehemu mbili. Pini ya jicho ina tatu: umeme, ishara na ardhi. Mpangilio wa hizo tatu haufanani kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, hivyo jicho la seti moja likichomekwa kwenye kisanduku cha seti nyingine linaweza kuungua bila moshi wala harufu, likawa kimya tu. Nunua jicho na kisanduku vilivyotoka pamoja. Pia chomoa adapta kabla ya kuchomeka au kuchomoa jicho, kwa sababu pini inapoteleza ndani ya tundu, sehemu zake hugusana kwa sekunde moja na zisizozihusu.

Waya wa jicho ukiwa mfupi, kebo ya kurefusha hedifoni ya stereo inatosha, kwa kuwa ina nyaya tatu. Ya mono haitoshi. Kwa safari ndefu tumia kebo ya mtandao, kwani hata ya kawaida ya Cat5e imezidi mahitaji: waya wake una ukinzani wa ohmu 0.09 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 20 za kwenda na 20 za kurudi ni ohmu 3.6. Kitaa kinachotumia miliampea 16 kitapoteza njiani volti 0.06. Kinachoharibu ishara ni kelele ya umeme, kwa hiyo usiifunge kebo hii bega kwa bega na waya wa umeme wa nyumba. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Kulitafuta jicho la chombo

Hapa ndipo jioni yangu ya kwanza ilipopotelea. Nilibandika kitaa juu ya kidirisha cheusi cha amplifaya kilichoonekana wazi kabisa kuwa ndicho jicho, nikafunga kila kitu, nikarudi kochini, kimya. Jicho halisi lilikuwa sentimita tatu kulia, nyuma ya kioo cha onyesho la tarakimu. Kile nilichokipenda kilikuwa kitaa cha kuonyesha kwamba umeme upo.

Fanya hivi. Zima taa za chumba, chukua tochi, imulike sura ya chombo kwa mshazari ukiisogeza polepole. Nyuma ya plastiki nyeusi utaona kitu cha mviringo kama nusu ya punje ya dengu, mara nyingi cheusi au chenye rangi ya zambarau iliyokolea, wakati mwingine kikiwa ndani ya kikombe kidogo cha chuma. Kama tochi haikupi jibu, tengeneza mrija wa karatasi ngumu mweusi, mwembamba kama kidole, urefu wa kiganja. Ufunge kwenye ncha ya rimoti kwa selotepu ili mwanga utoke tundu moja tu, kisha gusisha tundu hilo kwenye sura ya chombo na ubofye sauti juu, sauti chini, ukisogea sentimita moja moja. Chombo kitaitika mahali pamoja tu. Rimoti zenye nguvu hupenyeza mwanga hata kwenye karatasi, kwa hiyo kama chombo kinaitika popote, ongeza tabaka.

Ukishalipata, weka alama ndogo ya selotepu ya karatasi, lakini kitaa usikibandike kwa gundi yake bado. Kishikize kwa selotepu hiyo hiyo ya karatasi, jaribu mara kumi, kisogeze milimita chache kushoto na kulia uone mpaka wake ni wapi, ndipo ukibandike katikati ya eneo linaloitika. Gundi ya vitaa vingi ina uhai mmoja: ukibandua mara mbili, baada ya wiki kitaa kinaning'inia kwenye waya wake kikimulika sakafu. Kabla ya kubandika, futa kioo kwa spiriti kidogo, kiache kikauke.

Ajabu ni kwamba kitaa kikiwa karibu mno nacho husumbua. Kuna vyombo ambavyo jicho lake huzidiwa na mwanga uliogandana nalo, vikaitika mara moja kati ya tatu. Kisogeze pembeni kidogo, kisilielekee jicho moja kwa moja, na tabia hiyo huisha.

Jicho la nje likae wapi

Mahali pazuri ni pale mkono wako unapoelekea wenyewe unaposhika rimoti, na kwa wengi hapo ni karibu na televisheni. Lakini karibu na televisheni si chini ya kioo chake. Televisheni za plazma hutoa infraredi nyingi, na zile za LCD za zamani zinazomulikwa na mirija husumbua hasa dakika za mwanzo, mirija ikiwa bado baridi. Taa za kubana matumizi ya umeme zilizojipinda hufanya hivyo pia, na baadhi ya taa za LED zenye swichi ya kupunguza mwanga. Jua halimeti, ila likipiga jicho moja kwa moja hulipofusha, na utadhani betri za rimoti zimeisha kila saa kumi jioni.

Visanduku vingi vina taa ndogo inayopepesa jicho linapopokea kitu. Taa hiyo ndiyo daktari wako. Weka jicho mahali unapopafikiria, washa kila kinachowashwa humo chumbani (televisheni, taa zote, feni, chaja), kaa bila kugusa rimoti, itazame. Ikitulia, mahali ni pazuri. Ikipepesa, lifunike jicho kwa kidole. Kupepesa kukikoma, tatizo ni mwanga: hamisha jicho, ligeuze, au lirudishe ndani ya tundu lenye kina cha sentimita moja ili litazame mbele tu. Kupepesa kukiendelea jicho likiwa limefunikwa, tatizo linakuja kwa waya, au kisanduku kinajisikia chenyewe.

Jambo hilo la mwisho ni sawa na maikrofoni iliyosogezwa karibu na spika. Kitaa kinatoa mwanga, mwanga unapenya nje kupitia mlango wa kioo au ufa, jicho linauona, kisanduku kinautoa tena, na mzunguko hauishi. Dalili yake ni taa ya kisanduku kukwama ikiwaka baada ya kubofya mara moja, na vyombo vyote kuwa viziwi. Kwangu ilitokea kitaa cha pleya kilipodondoka na kugeukia mlango. Dawa ni kuvifunika vitaa: kipande cha mpira mweusi, gamba la plastiki linalouzwa kwa kazi hiyo, au selotepu nyeusi ya umeme iliyokunjwa mara mbili. Baada ya kufunika, hakikisha kwa kamera ya simu kwamba hakuna kinachovuja.

Tandaza sakafuni kabla ya kutoboa

Mpangilio wote uunganishe kwanza bila kutoboa chochote, waya ukipita juu ya sakafu. Utaratibu niliouzoea ni huu:

1. Ingiza betri mpya kwenye rimoti. Unataka kupima mfumo, si betri.
2. Unganisha jicho na kitaa kimoja tu kwenye kisanduku, kisha adapta. Bofya rimoti na utazame kitaa kwa kamera. Kikimeta, nusu ya kazi imeisha.
3. Kishikize kwenye chombo cha kwanza, funga mlango, jaribu ukiwa kwenye kochi, kisha ukiwa pembezoni kabisa mwa chumba.
4. Ongeza vitaa kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. Ukiviweka vyote kwa pamoja na kitu kikagoma, hutajua ni kipi.
5. Acha mfumo hivyo siku mbili, mchana na usiku. Jua na taa havionekani kwenye jaribio la dakika kumi.

Ndipo utoboe. Tundu la milimita 8 kwa keekee hupitisha pini ya 3.5 bila kuikata, pini nyingi zikiwa na gamba jembamba; pima gamba la kwako kwanza. Mgongoni mwa kabati acha waya wa ziada kiasi cha urefu wa mkono kwa kila chombo, kwa sababu siku moja utavuta amplifaya mbele kuongeza kebo ya spika, na kitaa kisichokuwa na nafasi kitang'oka. Andika jina la chombo kwenye kila waya, upande wa kisanduku. Waya sita nyembamba nyeusi zinazofanana hazikumbukwi.

Ukiwa na vyombo vinne au vitano kwenye rafu zinazofuatana, ile taa kubwa ya kumwaga inaweza kukuondolea vitaa vyote. Ibandike ndani, mbele ya vyombo, juu au pembeni, ikitazama sura zao kutoka sentimita 30 hadi 60, au hata ikiutazama mlango ili mwanga uruke na kurudi. Mlango mweupe kwa ndani hurudisha vizuri kuliko mweusi. Shida yake ni ule mzunguko wa kujisikia, kwa kuwa mwanga ni mwingi, na pia huwezi kutenganisha vyombo viwili vya aina moja vinavyoitika rimoti moja. Kwa hali hiyo vitaa vilivyofunikwa ndivyo pekee vinavyosaidia.

Ukitaka kuunda mwenyewe

Anayejua kushika chuma cha kulehemu anaweza kutengeneza kisanduku kwa vipande vichache. Utahitaji moduli ya kipokezi ya kilohezi 38, kwa mfano TSOP38238, chipu ya 555, transista moja ya PNP kama BC557, moja ya NPN kama BC337, LED ya infraredi ya nanomita 940, na adapta ya volti 5. Angalia miguu ya moduli: TSOP38238 ina kutoa, ardhi, umeme, TSOP1738 ya zamani ina ardhi, umeme, kutoa. Ukigeuza, inaweza kuungua.

Jambo linalowachanganya wanaoanza ni kwamba moduli hii humeza ule mmeto. Mguu wake wa kutoa hukaa juu, karibu na volti 5, na hushuka kila fungu linapoingia. Ukiendesha LED kwa mguu huo peke yake, itawaka fungu zima bila kumeta, na amplifaya haitaijali kwa sababu ndiyo aina ya mwanga iliyoundwa kuupuuza. Lazima mmeto uzaliwe upya, na hiyo ndiyo kazi ya 555.

Unganisha 555 kama kizalisha mapigo. Rezista ya kiloohmu 1 itoke kwenye chanya hadi mguu wa 7. Kutoka mguu wa 7 hadi miguu ya 6 na 2, ambayo umeiunganisha pamoja, weka kiloohmu 15 ikifuatana na rezista ya kurekebisha ya kiloohmu 5. Kapasita ya nanofaradi 1 itoke hapo hadi ardhini. Mguu wa 8 ni chanya, wa 1 ni ardhi. Hesabu ni 1.44 kugawa kwa (R1 + 2R2) mara C, R1 ikiwa ile ya kiloohmu 1, R2 ile ya 15 pamoja na ya kurekebisha, na C kapasita, kwa hiyo ukizungusha rezista ya kurekebisha utatembea kati ya kilohezi 35 na 46, na 38 iko pale R2 ikiwa kiloohmu 18.4 hivi. Kama mita yako inapima hezi, unganisha mguu wa 4 na chanya kwa muda, pima mguu wa 3, rekebisha. Kama haipimi, zungusha polepole mpaka chombo kiitike kitaa kikiwa mbali zaidi.

Mguu wa 4 ndio lango. Ukiwa chini, 555 inanyamaza. Ukiwa juu, inameta. Moduli inafanya kinyume, inashuka fungu linapofika, kwa hiyo PNP ndiyo inayogeuza: emita kwenye chanya, beisi kwa kiloohmu 10 hadi mguu wa kutoa wa moduli, kolekta kwenye mguu wa 4, na rezista ya kiloohmu 10 kutoka mguu wa 4 hadi ardhini. Mguu wa 3 uende kwa kiloohmu 1 hadi beisi ya NPN, emita yake ardhini, na LED ikae kati ya chanya na kolekta ikiwa na rezista ya ohmu 220. LED hula volti 1.3 hivi, transista 0.2, zinabaki 3.5, gawa kwa 220, ni miliampea 16, tosha kabisa kwa kitaa kilichobandikwa. Kwa taa ya kumwaga tumia ohmu 47, inayokupa 74 hivi, kwa LED inayostahimili kiasi hicho.

Usisahau kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya 555, kwa maana chipu hii huchafua umeme kila inapobadilika. Moduli nayo ipewe umeme wake kupitia ohmu 100 na kapasita ya maikrofaradi 10 hadi ardhini, vikae upande wa jicho, si upande wa kisanduku. Niliviacha mara ya kwanza kwa uvivu, na jicho likawa linajiona kila 555 ilipometa. Kama waya wa jicho ni mrefu, ongeza kiloohmu 10 kutoka ishara hadi chanya upande wa kisanduku.

Vikigoma

Kitaa kinameta kwenye kamera lakini chombo hakiitiki: umelikosa jicho, rudi kwenye mrija wa karatasi. Kitaa hakimeti na taa ya kisanduku inapepesa: kitaa kimekufa au pini haijaingia hadi mwisho, badilisha na cha jirani. Hata taa ya kisanduku haipepesi: jicho, waya wake, au betri za rimoti, kwa mpangilio huo.

Amri moja ikifanyika mara mbili, mathalani kuwasha na kuzima papo hapo, au wimbo unarukwa mara mbili, kuna uwezekano chombo kinaiona rimoti yenyewe kupitia ufa huku kikiona na kitaa. Nakala mbili zinapishana kidogo na chombo kinazihesabu kama kubofya mara mbili. Kifunike kitaa pamoja na jicho la chombo kwa selotepu nyeusi, ili jicho libaki na chanzo kimoja. Sauti ikipanda kwa kuchelewa au kwa kurukaruka, punguza mwanga unaolipiga jicho la nje kabla ya kulaumu kisanduku.

Na sasa lile la kabati kupumua. Mlango ukishaweza kufungwa, utafungwa, na amplifaya iliyokuwa ikipozwa na ufa wako itaanza kujipika. Za daraja A huwa za moto hata bila muziki. Za daraja AB hupata joto ukipandisha sauti. Toboa matundu ya hewa chini mgongoni na mengine juu, acha angalau sentimita 10 juu ya amplifaya, usiweke pleya juu yake. Baada ya saa moja ya muziki mlango ukiwa umefungwa, weka kiganja juu ya amplifaya. Ikiwa huwezi kukiacha hapo, ongeza matundu au weka feni ndogo ya volti 12. Amplifaya nyingi zina tundu la volti 12 la kuwashia vyombo vingine, na ishara yake inaweza kuiwasha feni kupitia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ikazunguka tu wakati muziki unapopigwa. Usiichomeke feni moja kwa moja kwenye tundu hilo kabla ya kusoma kitabu, kwani mengi hayatoi mkondo wa kuendesha mota.